Bili za Stima na Maji Katika Nyumba ya Wanafunzi Nairobi: Mwongozo Kamili kwa Mwenye Nyumba

Muhula ukifunguliwa, malalamiko ni yale yale. Wanafunzi wanne wamepangishwa nyumba moja Madaraka au Ngara, stima imekuja ya kushtua, kila mmoja anaapa hajatumia kitu, na mwenye nyumba amebaki na bili mkononi. Wengi huigawa kwa nne, basi. Mwezi wa kwanza watalipa. Wa pili watanung'unika. Wa tatu mmoja atakwambia yeye siku hizi hulala kwa rafiki yake Zimmerman, kwa hivyo bili haimhusu.

Kosa halianzii siku ya kulipa. Linaanzia siku ulipotoa funguo bila kusoma mita na bila kuandika nani atabeba nini. Bili ambayo haina mita wala jina la mtu itakurudia wewe, hata ungepiga kelele namna gani.

Mwongozo huu ni wa nyumba ya pamoja, yaani vyumba kadhaa vyenye jiko moja, bafu moja au mbili, na mita moja ya Kenya Power. Kama una bedsita Roysambu na kila mlango una tokeni zake, ruka hadi hatua ya 4.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Namba ya mita ya stima (tarakimu 11 kwa mita ya tokeni) au namba ya akaunti kwa mita ya bili, pamoja na akaunti ya maji.
- Bili au risiti za tokeni za miezi mitatu iliyopita.
- Mita ndogo moja kwa kila chumba, ya kupima stima ya chumba hicho pekee.
- Fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati. Jamaa anayetengeneza redio pale kona hafai kazi hii.
- Daftari moja la kudumu, na simu yenye kamera.
- Mkataba wa kupangisha wenye ukurasa wa bili.
- Namba ya kupokea pesa isiyo namba yako ya kila siku. Laini ya pili ya M-Pesa inatosha.

## Hatua ya 1: Jua unachodaiwa kabla hujapangisha

Piga *977# uangalie hali ya mita ya stima. Deni la zamani hukaa kwenye mita au akaunti, halimfuati mpangaji aliyehama. Kwenye mita ya tokeni, sehemu ya pesa unayotuma inaweza kukatwa kulipia deni hilo, na mwanafunzi aliyenunua tokeni za mia tano akapata yuniti kiduchu. Atadhani umemwibia.

Kama nyumba ilikaa bure muda mrefu, jaribu kuingiza tokeni kabla ya wapangaji kufika. Mita zote za tokeni zilipaswa kusasishwa kabla ya tarehe 24 Novemba 2024, na ambayo haikusasishwa inakataa tokeni mpya. Mita ndogo za tokeni nazo zilihusika, kwa hivyo ukiuziwa ya mitumba, ijaribu hapo hapo dukani.

Angalia pia kile kidude cha kubonyezea namba ndani ya nyumba. Kimeunganishwa na mita yake pekee, na wapangaji wanaohama hupenda kukibeba pamoja na ekstenshoni zao.

Utajua umefaulu ukinunua tokeni za shilingi mia, ujumbe usionyeshe makato ya deni, na mita izipokee.

## Hatua ya 2: Amua kila bili itabebwa vipi

Ziko njia tatu tu: kulipa kwa kipimo, kulipa kwa kichwa, au kutiwa ndani ya kodi. Stima ya chumbani iende kwa kipimo. Stima ya jikoni na bafuni iende kwa kichwa, na maji vivyo hivyo. Taka na taa za nje zitie ndani ya kodi usahau.

Wako wanaotia kila kitu ndani ya kodi ili wasisumbuliwe. Mimi siipendi njia hiyo, kwa sababu mbili. Kwanza, mwanafunzi asiyelipia stima atachemsha githeri kwa koili. Koili ya wati 1,000 ikiwaka saa mbili imekula yuniti mbili kwa sufuria moja. Pili, ushuru. Tangu Januari 2024 KRA hutoza asilimia 7.5 ya kodi ghafi ya nyumba kwa mtu anayepata kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka, na hairuhusu kutoa gharama zozote. Ukichanganya bili na kodi, utalipa ushuru juu ya pesa unazopelekea Kenya Power.

## Hatua ya 3: Tenga stima

Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea, kwa hivyo usiende mbio.

Kwanza uelewe jinsi bei inavyopanda. Kenya Power huwapanga wateja wa nyumbani katika madaraja matatu kulingana na wastani wa matumizi yao ya miezi mitatu: hadi yuniti 30 kwa mwezi, kati ya 30 na 100, na zaidi ya 100. Kila daraja lina bei yake ya yuniti, na la juu ndilo ghali. Juu ya hapo kuna gharama ya mafuta, mabadiliko ya fedha za kigeni, tozo na VAT ya asilimia 16. Baadhi ya makato hayo hubadilika kila mwezi, na ndiyo maana tokeni za shilingi elfu moja za Machi hazitoi yuniti sawa na za Aprili.

Sasa chukua wanafunzi wanne, kila mmoja akitumia kama yuniti 50. Kila mmoja angekuwa na mita yake ya Kenya Power, wote wangekaa daraja la kati. Kwa mita moja nyumba inasoma 200, na wote wanalipa bei ya daraja la juu. Hakuna aliyetumia vibaya. Mita imewajumlisha tu.

Kama vyumba vyako vina milango huru, kila kimoja na bafu lake, omba mita tofauti za Kenya Power. Fundi wako mwenye leseni ndiye atakayethibitisha kwamba nyaya za kila chumba zimetengwa. Utalipa mara moja na utapumzika miaka.

Kama jiko na bafu ni vya pamoja, weka mita ndogo kwa kila chumba. Zipo za aina mbili: za kusoma na za tokeni. Kwa nyumba ya chini ya vyumba sita mimi huchagua za kusoma. Ni rahisi, hazina kampuni ya kati inayokata kamisheni, na kila mtu anaona namba kwa macho yake. Zaidi ya vyumba sita nenda kwenye za tokeni, maana kufukuzana na watu kumi na wawili kila mwezi ni ajira nyingine.

Ukichukua za tokeni, kaa chonjo na mambo mawili. Mita kuu, yaani ile ya Kenya Power, ikiwa ya tokeni pia, yuniti zake zikiisha nyumba nzima inazimika, hata chumba ambacho mita yake ndogo ina yuniti 40. Mwanafunzi aliyelipa anakaa gizani usiku wa kuamkia mtihani, na ana haki ya kukasirika. Weka kiwango ambacho mita kuu haitashuka chini yake, na mpe keateka jukumu la kuangalia kila asubuhi. Jambo la pili ni kampuni inayouza tokeni za mita ndogo: pesa za wapangaji hupitia kwake kabla ya kukufikia. Uliza zinakufikia siku gani, na upate jibu kwa maandishi.

Usiweke faida kwenye yuniti. Wanafunzi wana wenzao wanaonunua tokeni moja kwa moja kutoka Kenya Power, na watalinganisha ujumbe kwa ujumbe. Ukitaka faida, iweke kwenye kodi.

### Hesabu yenyewe

Tuseme mita kuu imesoma yuniti 212 na bili ni shilingi 6,042. Gawanya: yuniti moja ni shilingi 28.50. Hiyo ndiyo bei ya mwezi huo, pamoja na tozo zake zote.

Mita ndogo zimesoma hivi: chumba A 21, B 44, C 27, D 30. Jumla 122. Zilizobaki, yuniti 90, ni za jikoni, bafuni, sebuleni na pampu. Yuniti 90 kwa 28.50 ni shilingi 2,565, na ukigawa kwa vichwa vinne kila mmoja anabeba 641.25.

Chumba A atalipa 598.50 za chumbani na 641.25 za pamoja, jumla 1,240 baada ya kufunga hesabu kwenye shilingi nzima. B atalipa 1,895, C 1,411 na D 1,496. Jumlisha: 6,042. Jumla isipolingana na bili, usitume chochote mpaka uone kosa liko wapi.

Tazama zile yuniti 90. Karibu nusu ya bili iko sehemu ya pamoja, na mara nyingi mkosaji ni shawa ya moto. Shawa ya kilowati 5.5 ikifunguliwa dakika kumi imekula karibu yuniti moja. Mtu mmoja akioga hivyo kila siku ni yuniti 27 na nusu kwa mwezi, na humo ndani hatujahesabu anayeimba akioga. Weka shawa inayopunguzwa joto, na ukataze koili kwa maandishi. Kila mmoja aje na mtungi wake wa gesi wa kilo 6.

Onyo: usiwarundikie tokeni za miezi mitatu kwa mpigo ili "muhula uishe." Manunuzi makubwa ya mwezi mmoja huinua wastani wako, na wastani ndio unaoamua daraja.

Utajua umefaulu mita ndogo zote zikizimwa kwenye swichi ya ukutani na mita kuu ikaendelea kuhesabu sehemu ya pamoja pekee. Fanya jaribio hilo fundi akiwa bado hapo. Ukikuta chumba C kinawasha taa ya chumba D, arudie kazi kabla hujamlipa.

## Hatua ya 4: Maji

Maji ya kaunti huja kwa zamu mitaa mingi ya Nairobi, kwa hivyo bili yako ina sura mbili: bili ya mfereji, na maji ya kununua mfereji ukikauka. Wenye nyumba wengi huandika ya kwanza kwenye mkataba na kuisahau ya pili. Kisha lori la lita 10,000 linaletwa Jumamosi na hakuna anayejua nani alipe.

Andika mapema: maji ya mfereji yanagawanywa kwa vichwa, na maji ya lori vivyo hivyo, ila lori haliitwi mpaka tangi lishuke chini ya alama fulani. Chora alama hiyo kwenye tangi kwa rangi nyekundu. Inaonekana kitu kidogo, lakini inamaliza ubishi wa "nani alisema liitwe."

Mita ndogo za maji kwa kila chumba hazina maana kama bafu ni moja. Kwenye bedsita zina maana sana.

Kabla ya kulaumu matumizi, tafuta mvujo. Funga mifereji yote, simama mbele ya mita ya maji, utazame kile kigurudumu kidogo. Kikizunguka, maji yanakwenda mahali. Mara nyingi ni tangi la choo linalovuja kimya kimya ndani ya bakuli. Tia matone machache ya rangi ya keki kwenye tangi la choo na usivute kwa nusu saa. Rangi ikitokea kwenye bakuli, badilisha mpira wa ndani. Ni kazi ya shilingi mia kadhaa, na usipoifanya utakuwa ukiwatoza wanafunzi maji ambayo hayakumpitia yeyote. Ada ya maji taka nayo hufuata kiasi cha maji mita iliyosoma, kwa hivyo mvujo unalipiwa mara mbili.

Mgeni anayelala. Makomredi hukaribishana, na huwezi kuwazuia wala hufai kujaribu. Weka kanuni: anayelala zaidi ya siku saba kwa mwezi anahesabiwa kichwa, na mwenyeji wake ndiye anayelipa. Kusimamia ni juu yao wenyewe, kwa kuwa wao ndio watakaobeba mzigo wake.

## Hatua ya 5: Waifai, taka na vinginevyo

Waifai isiwe kwa jina lako. Waache wachague kampuni, walipe wenyewe, wagombane wenyewe. Wewe toa ruhusa ya kupitisha waya, na uonyeshe tundu litatobolewa wapi.

Taka, taa za nje na mlinzi, tia kwenye kodi.

## Hatua ya 6: Ukurasa wa bili kwenye mkataba

Ukurasa mmoja, Kiswahili au Kiingereza cha kawaida, bila lugha ya wakili. Uwe na haya: bili gani inalipwa kwa njia gani, siku ya kusoma mita, siku ya mwisho ya kulipa, dipoziti ya bili, kanuni ya mgeni, na nini hufanyika mtu akiwa likizoni.

Dipoziti ya bili itenge na dipoziti ya kodi. Kiasi cha bili ya mwezi mmoja kinatosha. Ukizichanganya, mwanafunzi atakwambia "kata kwenye dipoziti" miezi miwili kabla ya kuhama, na ukija kukuta dirisha limevunjwa huna cha kushika.

Kama wanalipiwa na wazazi, mzazi naye atie sahihi kama mdhamini, na namba yake iandikwe. Usimpigie kwa kila shilingi mia tano. Heshima ya mwanafunzi mbele ya wazazi wake ina thamani kuliko deni dogo, na naye akijua unaweza kupiga lakini hupigi, hulipa.

Tarehe ya malipo isifungwe na HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi. Pesa za HELB zina ratiba yake, na kuna mihula huchelewa. Ila wakati zinapoingia ndio wakati mzuri wa kuomba ada za kudumu za muhula mzima, kama maji ya lori.

## Hatua ya 7: Soma mita siku ya funguo

Simameni pamoja mbele ya kila mita. Piga picha namba zikionekana vizuri, tuma kwenye kikundi cha WhatsApp cha nyumba, andika kwenye daftari, kila mmoja atie sahihi kando ya namba ya chumba chake. Ndipo utoe funguo.

Ukitoa funguo kwanza, hutawapata wote wanne pamoja tena hadi siku ya kuhama.

## Hatua ya 8: Mzunguko wa kila mwezi

Soma mita siku ile ile kila mwezi, tuseme tarehe 28. Mwanafunzi mmoja wa nyumba hiyo awe shahidi, kwa zamu. Ujumbe wako uwe mfupi na wenye namba zote:

*Habari zenu. Stima ya Septemba: mita kuu 4,118 hadi 4,330, yuniti 212, bili 6,042, yuniti moja 28.50. Vyumbani: A 21, B 44, C 27, D 30. Pamoja 90, kila mmoja 641.25. Kulipa: A 1,240, B 1,895, C 1,411, D 1,496. Picha za mita na bili ziko hapa chini. Mwisho ni tarehe 5. Asanteni.*

Tuma picha ya bili yenyewe, isiwe namba ulizoandika tu. Mtu akiona karatasi ya Kenya Power huwa hana la kuongeza.

Wewe lipa bili kuu kwa jina lako, usimtume mmoja wao akusanye pesa za wenzake. Mita ya bili hulipwa kwa paybill 888888, ya tokeni kwa 888880. Kagua tarakimu za mita mara mbili kabla ya kuweka namba ya siri, kwa sababu tokeni zilizokwenda mita ya mtu mwingine ni safari ndefu kuzirudisha.

Utajua umefaulu ujumbe wa tarehe 28 ukijibiwa kwa ujumbe wa M-Pesa, bila swali.

## Hatua ya 9: Asiyelipa

Mtumie ujumbe yeye peke yake tarehe 6. Usianike deni lake kwenye kikundi. Kando na aibu, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haipendi habari za mtu kutawanywa hivyo. Tarehe 10 mpigie. Tarehe 15 kata kwenye dipoziti ya bili, umwandikie umekata kiasi gani na anapaswa kuirudisha lini.

Dipoziti ikiisha na bado halipi, mpe notisi kulingana na mkataba. Usizime stima ya nyumba nzima kumwadhibu mmoja: watatu waliolipa watakuwa maadui zako kabla ya jioni. Wala usiguse mita ya Kenya Power. Kuichezea ni kosa chini ya Sheria ya Nishati ya 2019, hata kama nyumba ni yako na mita iko ukutani kwako.

## Hatua ya 10: Likizo ndefu na siku ya kuhama

Likizo au mgomo wa wahadhiri unaweza kuacha nyumba ikiwa na mtu mmoja kwa wiki nyingi. Aliyeenda nyumbani halipii maji wala stima ya pamoja kwa mwezi mzima ambao hakuwepo, mradi alikujulisha kabla ya kuondoka na mita ya chumba chake haikusonga. Ikisonga, alikuwepo, au kuna mtu alikuwa na ufunguo wake.

Aliyebaki peke yake hawezi kubeba pampu na friji za watu wanne. Mwezi kama huo mimi humtoza nusu ya stima ya pamoja, nyingine ni yangu. Unaweza kukataa, lakini kumbuka ndiye anayelinda nyumba yako bure.

Siku ya kuhama, soma mita kabla godoro halijatoka mlangoni. Linganisha na picha ya siku ya funguo, piga hesabu kwa bei ya yuniti ya mwezi uliopita kwa kuwa bili mpya haijafika, kata kwenye dipoziti ya bili, na umrudishie iliyobaki kwa M-Pesa papo hapo. Kisha mwombe kile kidude cha kubonyezea namba, na ukichomeke kwenye soketi uone kama bado kinawaka.